Bomba Lenye Jina: Historia ya Faili Ambalo Si Faili

Bomba lenye jina ni njia ya mazungumzo kati ya programu mbili, iliyovikwa sura ya faili. Hufunguliwa, huandikwa, husomwa na kufungwa kama faili lolote, lakini nyuma yake hakuna kitu kilichohifadhiwa kwenye diski. Kuna programu nyingine inayosubiri kujibu. Katika seva ya faili ya ofisi, mabomba haya ndiyo hupitisha maombi yasiyohusu mafaili yenyewe: orodha ya folda zinazoshirikiwa, majina ya watumiaji na vikundi vyao, uhakiki wa neno la siri, foleni ya printa. Mtumishi wa shirika la misaada huko Nguba, Bukavu, anapobofya alama ya seva ili aone kuna folda zipi, hajagusa faili lolote bado. Kompyuta yake imefungua bomba liitwalo srvsvc, imeuliza swali, imepokea jibu na kulifunga, kufumba na kufumbua. Akiendelea hadi kwenye ukurasa wa "Sécurité" wa Windows yake ya Kifaransa ili aone nani ana ruhusa juu ya faili la mishahara, hufunguliwa bomba jingine, lsarpc. Seva huandika ruhusa kwa namba ndefu, si kwa majina, na namba inayoanza na S-1-5-21 haimwambii mtu kitu mpaka seva iulizwe ni ya nani.

Wazo la bomba lilitangulia mitandao ya ofisi. Oktoba 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika dokezo akitaka programu ziweze kuungwa moja nyuma ya nyingine, kinachotoka katika ya kwanza kiingie moja kwa moja katika ya pili. Pendekezo lilikaa hadi mwaka 1973, Ken Thompson alipolitia ndani ya Unix kwa kazi ya usiku mmoja. Bomba la Thompson halikuwa na jina. Lilitumiwa na programu zilizozaliwa na mzazi mmoja tu. Programu ngeni haikuwa na mahali pa kulitafuta. Unix System III, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilileta bomba lililoandikwa katika orodha ya mafaili, likaweza kufunguliwa na programu yoyote yenye ruhusa. Hata hapo data ilipita upande mmoja, tena ndani ya mashine moja.

Hatua ya kulipeleka bomba nje ya mashine haikutoka kwa watu wa Unix. Ilitoka upande wa kompyuta ndogo za ofisi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki ya kuwezesha kompyuta kusoma na kuandika faili lililo kwenye diski ya kompyuta nyingine, na IBM ikaitumia katika mtandao wake wa PC mwaka 1984. Ndiyo SMB, ambayo Microsoft iliichukua na kuikuza. Mfumo wa OS/2, uliotoka mwaka 1987, ulileta mabomba yenye majina ya aina mpya: data ilipita pande zote mbili, ujumbe mmoja ulitofautishwa na mwingine badala ya kumiminika mfululizo, na mteja aliye mbali aliweza kulifikia bomba kwa kutaja \\SEVA\PIPE\jina. LAN Manager, seva ya Microsoft iliyokaa juu ya OS/2, ikapokea maombi hayo kupitia itifaki ileile ya mafaili.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Mteja alikuwa tayari amejitambulisha kwa seva, muunganisho ulikuwa tayari wazi, na mwandishi wa programu alikuwa tayari anajua kufungua faili. Hakuhitaji kujifunza itifaki nyingine. SQL Server ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 kwa ajili ya OS/2, ilizungumza na wateja wake kwa njia hiyo. Ilikuwa hila nzuri, ila iliacha deni: tangu siku hiyo seva ya faili ililazimika, kila inapotajiwa jina, kuamua kwanza kama jina hilo ni la kitu kilicho kwenye diski au la programu inayosubiri. Baadhi ya matatizo yanayosimuliwa hapa chini yalitokana na uamuzi huo kufanywa vibaya.

Mabomba ya mtandao yalitengewa folda bandia iitwayo IPC$. Haina mafaili. Mteja huiunganisha kama anavyounganisha folda ya kawaida, kisha hutaja bomba analolitaka. Katika LAN Manager bomba kuu lilikuwa \PIPE\LANMAN, na maombi yaliyopitia humo yaliandikwa kwa lugha ya ajabu ya herufi zilizoeleza umbo la data. Aliyetaka orodha ya folda alituma maneno kama WrLeh na B13BWz. B13 katika neno la pili ilimaanisha baiti 13: herufi 12 za jina la folda na baiti moja ya kufunga. Folda yenye jina refu zaidi ya hapo haikuweza kuonekana kwa mteja wa zamani, hata kama ilikuwepo na ilifunguka mtu akilitaja jina lake kamili. Mafundi wengi walihangaika na folda "iliyopotea" bila kujua kwamba chanzo ni namba hiyo.

Windows NT, iliyotoka Julai 1993, ilibadilisha lugha bila kubadilisha bomba. Microsoft ilichukua utaratibu wa DCE/RPC, uliotoka katika muungano wa kampuni za Unix, ambao huiwezesha programu kuita kazi iliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba iko ndani yake. Ujumbe wa RPC uliingizwa ndani ya bomba, na bomba ndani ya SMB. Kila huduma ilipewa bomba lake: samr kwa akaunti za watumiaji, lsarpc kwa utambulisho na ruhusa, netlogon kwa kuingia katika domeni (kundi la kompyuta zenye akaunti za pamoja), srvsvc kwa habari za seva, winreg kwa rejista, svcctl kwa kuwasha na kuzima huduma, spoolss kwa printa. Mtu anayeketi asubuhi mbele ya kompyuta iliyo katika domeni na kuandika neno la siri amekwisha kutumia kadhaa kati ya mabomba haya kabla hajafungua barua ya kwanza.

Namna ombi linavyoshughulikiwa inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Mteja huafikiana na seva juu ya toleo la itifaki, hujitambulisha, kisha huiunganisha IPC$. Halafu huomba kufungua srvsvc, kwa amri ileile inayofungua faili. Hapa seva haipaswi kwenda kwenye diski. Inapaswa kulitafuta jina katika orodha ya huduma inazozijua. Likikosekana, hujibu kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Likipatikana, hurudisha namba ya mpini na kumwambia mteja kwamba alichokishika ni bomba la ujumbe. Ujumbe wa kwanza wa mteja hutaja huduma anayoitaka kwa namba ya utambulisho ya baiti 16 pamoja na toleo lake. Seva ikikubali, ndipo ombi lenyewe hutumwa kwa namba ya kazi. Katika srvsvc, kazi namba 15 ndiyo inayotoa orodha ya folda.

Jibu refu hukatwa vipande. Windows 2000 na Samba, seva itakayoelezwa baadaye, zilizoea vipande visivyozidi baiti 4,280. Mteja anaweza kuandika na kusoma kwa amri mbili, au kufanya yote kwa amri moja ya pamoja. Akitumia amri ya pamoja na jibu likazidi nafasi aliyoitenga, seva hujaza nafasi hiyo na kurudisha alama inayosema kwamba bado kuna data. Alama hiyo imewekwa katika kundi la maonyo, si la makosa. Seva au mteja anayeichukulia kama kosa hukata mazungumzo katikati, na orodha ya folda inayofanya kazi vizuri katika ofisi yenye folda tano hushindwa katika chuo chenye folda mia.

Kuna tofauti nyingine iliyowasumbua waandishi wa seva zaidi ya hiyo. Kusoma faili hakusubiri mtu: data ipo au haipo. Kusoma bomba kunaweza kusubiri, kwa sababu anayepaswa kujibu bado anafikiri. Seva inayomhudumia kila mteja kwa mchakato mmoja, kama ilivyo smbd, programu kuu ya Samba, ikisimama kusubiri bomba huwa imesimamisha pia nakala ya faili ambayo mteja huyohuyo anaiandika. SMB2, iliyokuja na Windows Vista, ilitatua hilo kwa kuiruhusu seva kutoa jibu la muda, yaani "ombi limepokelewa, subiri", na kuendelea na mengine.

Samba ni seva ya SMB inayotumika juu ya Unix na Linux, na bila hiyo historia hii ingekuwa ya kampuni moja. Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, aliandika toleo la kwanza mwishoni mwa 1991 na kulitoa Januari 1992. Hakuwa na maelezo ya itifaki. Alisikiliza pakiti zinazopita kati ya kompyuta na seva, akakisia maana yake, akajaribu. Baadaye aliieleza kazi hiyo kwa mfano wa mtu asiyejua Kifaransa aliyekaa katika mkahawa wa Ufaransa: husikiliza wateja wanaagiza nini na mhudumu analeta nini, mpaka aweze kuagiza mwenyewe. Mradi ulipata jina la Samba mwaka 1994.

Matoleo ya mwanzo yalijua bomba la LANMAN tu. Mabomba ya NT yalikuwa kazi ngumu zaidi, maana ndani ya pakiti ya SMB kulikuwa na pakiti ya RPC, na ndani yake data iliyopangwa kwa kanuni ambazo hazikuchapishwa, nyingine ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Kuanzia 1997 Luke Leighton na Paul Ashton walianza kuufungua utaratibu wa domeni ya NT, na Leighton akaandika kitabu kizima juu ya DCE/RPC ndani ya SMB. Kisha ukazuka mgogoro. Leighton alitaka kila bomba lihudumiwe na programu yake ya pekee, nje ya smbd, zikiwasiliana kwa soketi za ndani ya mashine. Kundi kuu lilipendelea kuweka kila kitu ndani ya smbd. Mwaka 2000 njia zikagawanyika, na tawi la Samba TNG likaanza. Tawi hilo lilififia. Wazo lake lilirudi baada ya zaidi ya miaka 20, kama itakavyoonekana.

Aprili 2001 Samba 2.2 ilipata uwezo wa spoolss, yaani kuhudumia printa kwa njia ya NT na kuwapa wateja programu ya kuendeshea printa moja kwa moja kutoka kwenye seva. Hadi wakati huo msimbo wa kupanga na kupangua data ya mabomba uliandikwa kwa mkono, kazi moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi. Katika maandalizi ya Samba 4 Tridgell aliandika PIDL, programu inayosoma maelezo mafupi ya huduma na kuzalisha msimbo huo yenyewe.

Maelezo rasmi yalikuja kwa njia ya mahakama. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya itifaki za seva zake kwa washindani. Microsoft ilikata rufaa, ikashindwa Septemba 2007. Desemba mwaka huo kundi la Samba lilipata nyaraka kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000, na mapema 2008 Microsoft ikaziweka nyaraka za itifaki zake hadharani. Aliyekuwa akisikiliza mkahawani akakabidhiwa kamusi.

Bukavu iko mbali na Canberra na Brussels, lakini mambo mawili yaliufanya mji huu utegemee seva ya ndani kuliko miji mingi: umeme na njia ya intaneti. Mji, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, umejengwa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu, pale Mto Ruzizi unapotoka ziwani. Umeme wake hutoka katika mto huo: Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, ilianza mwaka 1989. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa, na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika kikafuata 1991. Baada ya wimbi la wakimbizi wa 1994 na vita vya 1996 na 1998, mashirika ya misaada yaliongezeka mjini, na pamoja nayo ofisi zilizokuwa na kompyuta kadhaa, printa moja na haja ya kutunza ripoti mahali pamoja. Hospitali ya Panzi ilianzishwa 1999. Kwa ofisi za namna hii, seva ya Linux yenye Samba ilikuwa na mvuto ulio wazi: haidai ada ya leseni kwa kila kompyuta inayoungwa.

Njia ya kwenda nje ilikuwa dishi la satelaiti. Satelaiti ya kusimama juu ya ikweta iko kilomita 36,000 kutoka ardhini, hivyo swali na jibu lake huchukua kama nusu sekunde na zaidi hata dishi liwe zuri kiasi gani. Kwa kivinjari hilo huvumilika. Kwa bomba ni balaa. Kuafikiana toleo, kujitambulisha kwa hatua mbili, kuunganisha IPC$, kufungua srvsvc, kutaja huduma, kuuliza na kufunga ni safari zisizopungua nane. Kila moja ikichukua sekunde 0.6, orodha ya folda pekee inafikia karibu sekunde tano, kabla faili moja halijasogea. Ndiyo sababu tawi la Bukavu lililotaka kutumia seva ya makao makuu ya Kinshasa, umbali wa kilomita 1,500 hivi kwa mstari wa moja kwa moja, lilikuwa linajitesa. Jawabu la busara lilikuwa kila ofisi kuwa na seva yake, na kutuma mafaili kwa barua pepe usiku.

Seva ya ndani ilikuwa na faida nyingine iliyoonekana baadaye. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi mkuu, kwa takriban wiki tatu. Maombi ya SMB yanayozunguka ndani ya jengo hayapiti kwa kampuni ya simu wala kwa satelaiti. Folda zilifunguka, printa zikachapa, domeni ikaendelea kupokea maneno ya siri.

Mgao wa umeme, ambao wakazi huuita delestaji, una madhara yake ya pekee kwa mabomba. Tuseme seva ina betri lakini swichi ya mtandao haina, na watumishi wanatumia kompyuta za mkononi. Umeme ukikatika, muunganisho hukatika ingawa pande zote mbili bado ziko hai. SMB2 ilileta mpini wa kudumu: faili lililokuwa wazi hubaki limehifadhiwa kwa mteja kwa muda mfupi, naye akirudi hulidai na kuendelea. Ahadi hiyo haikutolewa kwa mabomba. Faili lina hali inayoweza kutunzwa kwenye diski. Bomba lina mazungumzo tu, nayo yakikatika lazima yaanze upya kwa kufungua, kutaja huduma na kuuliza tena. Mtumishi huona waraka wake umerudi salama huku dirisha la printa likisema kwamba seva haipatikani, naye hudhani printa ndiyo imeharibika.

Mlango unaopokea maswali ya wageni huvutia pia wasioalikwa. Windows NT ya mwanzo ilimruhusu mtu asiyejitambulisha kuiunganisha IPC$ na kuuliza kupitia samr na lsarpc orodha ya watumiaji wote wa domeni. Mwaka 1997, baada ya udhaifu huo kuonyeshwa hadharani, Microsoft ilitoa njia ya kuuziba, ingawa kwa miaka mingi fundi ndiye aliyepaswa kuiwasha. Oktoba 2008 ilitoa kiraka cha kosa katika huduma ya seva, lililofikiwa kwa bomba la srvsvc au la browser. Mwezi uliofuata kirusi cha Conficker kikaanza kulitumia, na mwisho wa mwaka toleo lake la pili likaongeza njia ya pili: flashi. Muungano wa njia hizo mbili ulitishia hasa mahali kama vibanda vya kuchapa na kunakili vilivyo karibu na vyuo vya Bukavu. Mwanafunzi huleta flashi yenye kazi yake ya mwisho wa masomo. Kompyuta ya kibanda huipokea. Kutoka hapo bomba hukipeleka kirusi kwenye kila kompyuta ya jirani isiyo na kiraka. Kiraka chenyewe kilipaswa kupita katika laini ya satelaiti iliyolipiwa kwa dola nyingi.

Samba nayo haikusalimika. Aprili 2012 ilitangazwa kwamba msimbo uliozalishwa na PIDL ulikuwa na kosa la urithi: ukubwa wa orodha ulikaguliwa kwa namba moja na kumbukumbu kutengwa kwa namba nyingine. Mtu wa mbali, bila hata kujitambulisha, aliweza kuiendesha seva kwa mamlaka ya juu kabisa. Chombo kilichobuniwa kuondoa makosa ya mkono kilikuwa kimelinakili kosa moja katika kila huduma.

Tundu la Mei 2017 linafundisha zaidi juu ya jina lenyewe. Tarehe 12 mwezi huo kirusi cha WannaCry kilikuwa kimesimamisha ofisi katika nchi zaidi ya 150 kupitia kosa la SMB ya Windows. Siku 12 baadaye kundi la Samba lilitangaza kosa lake, lililokuwapo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010. Seva ilipotajiwa bomba isilolijua, haikuishia kusema halipo. Ilijaribu kupakia moduli yenye jina hilo, ikidhani huenda ni huduma ya ziada. Mshambuliaji aliyekuwa na ruhusa ya kuandika katika folda moja aliweza kuweka humo maktaba ya programu, kisha kuomba bomba ambalo jina lake lilikuwa njia kamili ya faili hilo. Seva ikalipakia na kuliendesha. Kiraka kilikuwa kifupi mno: jina la bomba likiwa na alama ya mkwaju (/), likataliwe. Kwa asiyeweza kusasisha, ushauri ulikuwa kuandika "nt pipe support = no" katika faili la mipangilio, smb.conf, jambo lililozima tundu pamoja na baadhi ya kazi ambazo wateja wa Windows walizitarajia.

Mwaka huo ulianza kuizika pia SMB ya kwanza. Kuanzia Oktoba 2017 Windows 10 mpya haikuiweka tena kwa kawaida, na Samba 4.11 ya Septemba 2019 ikaizima. Bomba la LANMAN na herufi zake likazama nayo. Ofisi zilizobaki na kompyuta za Windows XP, ambazo haziijui SMB2, zilijikuta haziioni seva iliyosasishwa, na fundi akalazimika kuchagua kati ya kuwasha tena itifaki mbovu na kutafuta pesa za kompyuta.

Swali la kale la Leighton, yaani nani ahudumie bomba, liliibuka upya wakati huo. Oktoba 2021 Linux 5.15 ilitoka ikiwa na ksmbd, seva ya SMB iliyo ndani ya kiini cha mfumo. Mafaili huhudumiwa humo kwa kasi, lakini hakuna aliyethubutu kuweka RPC ndani ya kiini. Maombi ya mabomba hurushwa nje kwa programu ya kawaida, nayo hujua huduma chache tu. Machi 2022 Samba 4.16 ilileta samba-dcerpcd: smbd hubaki na mafaili, na huduma za mabomba hukaa katika michakato mingine, ikiwemo rpcd_lsad, rpcd_spoolss na rpcd_winreg, inayofikiwa kwa soketi za ndani. Kwa kuwa mchakato wa pili haukumwona mteja akijitambulisha, smbd hutanguliza kwenye soketi maelezo ya utambulisho wake kabla ya ombi lolote. Kwa muhtasari, ni mpango wa TNG.

Soketi hizo huwekwa katika folda ya siri, kila moja kwa jina la bomba lake. Oktoba 2023 ikagundulika kwamba smbd ilichukua jina lililotajwa na mteja na kuliunganisha na njia ya folda hiyo bila kulichuja vya kutosha. Jina lenye "../" lilitoka nje ya folda, na mteja akaunganishwa, kwa mamlaka ya juu, na soketi ya huduma nyingine kabisa ya mashine. Marekebisho yalitoka katika matoleo 4.17.12, 4.18.8 na 4.19.1. Microsoft, kwa upande wake, ilikuwa imeanza kuyapunguzia mabomba kazi: Windows 11 toleo la 22H2, la Septemba 2022, hutuma maombi ya printa kwa RPC ya moja kwa moja juu ya TCP badala ya kupitia spoolss ndani ya SMB. Orodha ya folda bado hupita katika srvsvc. Ofisi yenye Samba ya zamani kuliko 4.16 haikuguswa na tundu la 2023. Kama haijatiwa kiraka cha Mei 2017, lile la mwaka huo bado liko wazi.